Bahari ya Shangazi: Je, Sifa ya Uongo ni Wema?

  

Ndugu msomaji, sisi watu wa Bujumbura tuko mbali na bahari. Tunalo Ziwa Tanganyika, refu na lenye kina kikubwa, lakini maji yake hayana chumvi. Nyumbani kwetu Buyenzi bahari huja mara mbili kwa mwaka, Idd el-Fitri na Idd el-Adh'ha, na huja ndani ya sufuria. Anayeileta ni Shangazi.

Kila familia ina mambo yake ya jikoni siku ya Idd. Kwetu kazi huanza usiku wa kuamkia sikukuu. Wanaume hupewa vitunguu wamenye, na sheria ya Bibi ni kwamba atakayetoa machozi kwanza ndiye atakayeosha masufuria. Kwa kuwa wote hulia, Bibi ndiye hakimu, na hukumu yake haijawahi hata siku moja kumwangukia mjukuu wake wa mwisho. Bizari ya pilau hufungiwa katika sanduku lake la nguo, kwa hiyo khanga za Bibi hunukia iliki na mdalasini mwaka mzima. Baba Mdogo amejipa cheo cha waziri wa nyama. Hukaa kwenye kigoda mbele ya imbabura, mwiko mkononi, na kila anayepita kuuliza kama nyama imeiva huambiwa alete barua ya maombi. Yeye mwenyewe haonji, bali "anakagua". Ukaguzi ukiisha, nyama huwa imepungua robo.

Tukirudi kutoka kuswali Idd, Shangazi huingia. Ni dada mkubwa wa baba yangu, mjane, fundi cherehani, na anaishi mtaa wa tatu kutoka kwetu. Sufuria yake huja imefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, na ndani mna pilau ya chumvi isiyoelezeka. Watoto wakimwona mlangoni husema kwa sauti ya chini, "Bahari imefika," na majagi ya maji huanza kutembea. Binamu yangu mmoja alishona mfuko wa ndani katika kanzu yake kwa ajili ya siku hiyo tu. Bata wa jirani waliwahi kutupiwa wali ule, wakauonja, wakaondoka. Mke wa kaka yangu alipoletwa nyumbani hakuna aliyemwonya. Alipakuliwa sahani iliyojaa, akameza tonge la kwanza, akatabasamu, akasema taratibu, "Naomba maji." Tukajua amekuwa wa kwetu.

Shangazi naye hutaka kusikia neno, na Baba Mdogo ndiye aliyebuni neno la kumjibu. Kila Idd humtazama usoni na kusema, "Dada, mkono wako haujabadilika." Shangazi hufurahi. Kisha huonja pilau ya mama yangu, hutikisa kichwa, na huomba chumvi. "Mpishi wenu kasahau tena," husema, na sisi hucheka mpaka mbavu zinauma. Mjukuu anayeishi naye, mtoto wa miaka sita, anaamini kwamba chakula cha nyumba nyingine zote huwa hakijaiva.

Nami nilicheka, tena kuliko wengi. Naeleza haya ili msomaji ajue kwamba ninayoyaandika sikuyapata nikiwa nje ya mchezo.

Siku mchezo ulipogeuka

Katika Ramadhani ya mwaka jana Shangazi aliniita kwake baada ya futari. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye msomi wetu. Unasoma uchumi. Kaa hapa unihesabie." Alitaka kuanza kupikia watu pilau kwenye harusi, khitma na maulidi. Angechukua pesa zake za upatu, aongeze na bei ya cherehani, anunue masufuria makubwa na akodi chumba chenye ua. Nilipomuuliza kwa nini anadhani biashara itashika, alinijibu kama mtu anayejibu swali la mtoto: "Miaka yote hii, kwenye nyumba yenu, nani amewahi kubakiza?"

Nilichukua kalamu. Tuliandika bei ya mchele, mafuta, nyama, makaa na usafiri. Hesabu ilikaa vizuri. Ila kila tarakimu niliyoiandika ilisimama juu ya jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi. Akaniuliza, "Unaonaje?" Nikamwomba siku chache.

Siku hizo ndizo zilizonifanya nijiulize swali la makala hii. Tulipokuwa tukimsifu Shangazi, tulikuwa tunafanya wema, dhambi, au tulikuwa tunakopa deni ambalo yeye ndiye angelilipa?

Hoja ya Baba Mdogo

Nilimwendea Baba Mdogo kwanza. Hoja zake hazikuwa dhaifu. Alinikumbusha Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia chakula aibu: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Alinikumbusha Surat al-Hujurat, aya ya 11, inayokataza watu kudharauliana, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayemdharau. Kisha akasema kwamba kuingiza furaha katika moyo wa mjane siku ya Idd ni sadaka. "Wewe unataka kumvunja moyo dada yangu kwa sababu ya kijiko cha chumvi?"

Nilirudi kampasi nikiwa karibu nimeshindwa. Lakini nilipoitazama tena Hadithi ile, niliona kwamba Mtume (s.a.w.) alinyamazia kasoro ya chakula. Haielezi kwamba alisifu asichokipenda. Kati ya kukitia chakula aibu na kukisifu kwa uongo kuna uwanja mpana, naye alisimama katikati ya uwanja huo.

Tuna mfano ulio wazi. Katika nyumba ya Maymuna (r.a.) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani aliyechomwa. Akauondoa mkono wake. Khalid ibn al-Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Mtume akajibu kwamba si haramu, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta ile nyama akaila huku Mtume akimtazama. Hapo mpishi hakuaibishwa wala chakula hakikutukanwa, na uongo haukuhitajika.

Mfano wa pili ni wa siki. Aliwaomba watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakasema hawana ila siki. Akaila, akaisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Wapo wanazuoni walioeleza kwamba sifa hiyo haina maana kwamba siki inapita vitoweo vyote. Ilikuwa sifa ya kilichopo, kwa wakati ule, na faraja kwa aliyekileta. Alitafuta jambo la kweli la kusifu, akalisifu. Sisi kwa Shangazi tulikuwa na mengi ya kweli: kwamba hajawahi kukosa Idd hata moja, kwamba mchele hununua kwa jasho lake, kwamba kitambaa kile cha kufunikia sufuria hakuna mwingine mtaani anayeweza kukitarizi. Tuliyapita yote hayo tukaenda kusifu jambo moja lisilostahili.

Uongo mdogo na mzaha

Labda mtu atasema: ni uongo mdogo, wa mezani, wa adabu. Swali hilo si geni. Asma bint Yazid (r.a.) amesimulia kwamba wanawake walikaribishwa kinywaji mbele ya Mtume (s.a.w.), wakasema hawana hamu, na ilhali walikuwa nayo. Akawakataza wasikusanye njaa na uongo. Katika baadhi ya riwaya aliulizwa kama hata maneno ya namna hiyo huhesabiwa, akajibu kwamba uongo huandikwa uongo, na hata ule mdogo huandikwa kwa udogo wake. Tazama ilivyotokea: ni watu, chakula na adabu ya wageni, yaani palepale tunapodhani mlango umeachwa wazi.

Atasema tena: lakini ule ulikuwa mzaha wa familia. Mzaha umeruhusiwa, na Mtume wetu alitania. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, atamfanyia nini mtoto wa ngamia? Akajibiwa: kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Angalia mzaha huo ulipoishia. Uliishia kwa aliyetaniwa kuelewa, pale pale alipokuwa amesimama. Kila neno lilikuwa la kweli na kila aliyekuwapo aliujua mchezo. Mzaha wetu ulikuwa na watu ishirini wanaoujua na mmoja asiyeujua, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa mzaha wenyewe. Nilipofika hapo aya ya al-Hujurat iligeuka mkononi mwangu. Tuliitumia kukwepa kusema ukweli ili tusimdharau Shangazi, lakini dharau ilikuwa katika yale maneno mawili, "Bahari imefika." Na kumtaja mtu kwa analochukia akiwa hayupo, hata kama ni kweli, Mtume (s.a.w.) ameshalipa jina lake: kusengenya.

Neno lenye pande mbili

Ilibaki ngome ya mwisho ya Baba Mdogo. "Mimi sijawahi kusema uongo," aliniambia. "Nimesema mkono wake haujabadilika. Umebadilika?"

Kweli, haukubadilika. Wanazuoni wetu huliita jambo hilo tawriya, kusema neno lenye maana mbili ukakusudia moja na msikilizaji akaelewa nyingine. Halikukatazwa kabisa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika al-Adhkar kwamba likiitwa na maslahi ya kisheria yenye uzito kuliko kumghilibu msikilizaji, au haja isiyo na njia nyingine, hakuna ubaya. Pasipo haja huchukiza. Na likitumika kupata batili au kuzuia haki, huwa haramu.

Kwa miaka mingi neno la Baba Mdogo huenda lilikuwa katika daraja la kuchukiza tu. Lakini neno lilelile, bila kubadilika herufi, lilipanda daraja siku Shangazi alipoamua kuuza cherehani kwa ajili yake. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulipata darasani: uzito wa neno hauishii mdomoni mwa msemaji. Unaendelea kukua kadiri msikilizaji anavyojenga juu yake.

Ukweli ni haki ya nani?

Wanafunzi wa falsafa watanikumbusha Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba uongo haufai hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako kajificha wapi. Alikuwa akimjibu Mfaransa Benjamin Constant, aliyesema kwamba ukweli ni wajibu kwa yule tu mwenye haki ya kuupata. Uislamu haukwenda na Kant mpaka mwisho. Katika Hadithi ya Umm Kulthum (r.a.) anayesuluhisha watu hahesabiwi mwongo. Na Imam Ghazali, katika Ihya, ameweka kanuni: lengo jema likiweza kufikiwa kwa ukweli na kwa uongo, uongo ni haramu; lisipofikika ila kwa uongo, ndipo ruhusa inapotafutwa kwa kadiri ya uzito wa lengo lenyewe.

Basi nikajipima kwa kanuni hiyo. Lengo letu lilikuwa kumfurahisha Shangazi. Je, njia ya kweli haikuwapo? Ilikuwapo, tena nyingi. Tuliichagua ya uongo kwa sababu ilikuwa fupi na inachekesha. Na hata ukilichukua swali la Constant, nani ana haki ya ukweli kuliko mtu anayekuomba ushauri juu ya mali yake? Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayetakwa ushauri amewekewa amana. Fatima bint Qays (r.a.) alipomweleza kwamba ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwambia wazi kwamba wa kwanza hana mali na wa pili fimbo haitui begani, kisha akamwelekeza kwa Usama. Yeye ambaye hakutia aibu chakula aliwataja watu kwa kasoro zao, kwa sababu mtu alikuwa karibu kujenga maisha yake juu ya jibu lake.

Hapo ndipo ninapoona mpaka ulipo. Chakula kikiwa sahanini, kunyamaza ni adabu. Mtu akikuomba ushauri, kunyamaza ni khiyana.

Nilivyofanya

Nilikwenda alasiri. Shangazi alikuwa anashona nguo za Idd za watoto wa watu. Nilianza kwa la kweli, kwamba mikono yake ni hazina na cherehani ile imesomesha watoto. Kisha nikasema, "Shangazi, nisamehe. Pilau yako ina chumvi nyingi. Watakaolipa hawatanyamaza kama tulivyonyamaza sisi."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Tangu lini?"

"Tangu nina akili."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Ndugu yangu?"

Nikanyamaza.

"Na mama?" Yaani Bibi.

Sikuweza kumtazama. Akasema taratibu, "Chumvi si kitu, mwanangu. Chumvi hupunguzwa. Lakini kumbe nyote mlikuwa pamoja, na mimi peke yangu nilikuwa mgeni kwetu."

Sijawahi kusikia hoja dhidi ya uongo wa adabu iliyo nzito kuliko hiyo.

Idd el-Fitri hiyo sufuria haikuja. Pilau ilikuwa nzuri na hakuna aliyecheka. Baba Mdogo alikagua nyama bila raha. Siku ya pili Bibi, ambaye siku hizi hatoki ila kwa sababu kubwa, alishika fimbo yake akaenda kwa miguu mtaa wa tatu kumwomba binti yake msamaha. Waliyozungumza hatujaambiwa. Baada ya hapo tulikwenda sote, mmoja mmoja, na Baba Mdogo akawa wa mwisho.

Idd el-Adh'ha Shangazi aliingia na sufuria yake, kitambaa cheupe juu. Alipokifunua, tuliona kando ya wali kifurushi cha karatasi. Alikuwa amepika bila chumvi hata chembe. "Kila mtu ajitilie mwenyewe," akasema, "na atakayesifu alete mashahidi wawili." Tulicheka, naye akacheka, na mara hii hakuna aliyekuwa nje ya kicheko. Wali ulikuwa umepooza kidogo. Tulimwambia. Mjukuu wake alionja, akasema haujaiva.

Cherehani haikuuzwa. Shangazi bado anashona, na habari ya kupikia harusi hajaitaja tena. Lakini ndugu msomaji, usidhani deni limekwisha. Mwezi uliopita alinishonea shati, likanikaa vizuri mno, nikamwambia kwa moyo wote kwamba sijawahi kuvaa shati zuri kama lile. Alinitazama kitambo, sindano mdomoni, akaitoa, akaniuliza, "Kweli, au bahari?"

Hiyo ndiyo hasara ambayo hatukuihesabu. Sifa ya uongo huja kuila na ile ya kweli. Tulitumia maneno mema ya miaka mingi, na sasa tunapoyahitaji kwa haki, yanatiliwa shaka.

Nasi hapa kampasi tuna bahari zetu. Ndugu anatoa mawaidha ambayo hakuyaandaa, tunamwambia mashaallah. Dada anatupa utafiti wake tuusome kabla haujafika kwa mwalimu, tunarudisha na neno "safi" bila kufungua ukurasa wa tatu. Tunadhani tunawapenda. Tuwasifu kwa lile walilolifanya vizuri, tunyamazie ambalo halina madhara, na wakituuliza, tuwape amana yao kwa upole na faraghani. Anayejua kwamba humdanganyi ndiye pekee anayeweza kufurahi unapomsifu.

Tunamwomba Allah atujaalie ndimi za kweli na nyoyo laini, na atusamehe tulivyowacheka wanaotupenda. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.